Fimbo Chini ya Godoro

Mgeni alipobisha, nilimwambia mtoto asukume fimbo chini ya godoro, ndipo nikafungua mlango. Tulikuwa Katwe, ndani ya muzigo, hicho chumba kimoja cha kupanga ambacho kila mkimbizi wa Kampala anakijua. Sikuwa nimemaliza mwaka tangu nitoke Kivu. Dada yule alikuwa na beji shingoni na fomu mkononi. Akauliza: mtoto anakula mara ngapi? Anacheza? Unampiga? Nikasema hapana, simpigi. Akaweka alama. Mtoto alikuwa amekaa juu ya godoro lile lile, ananitazama.

Alikuja mara tatu. Mara ya nne hatukumuona. Tukasikia mradi umekwisha.

Leo mimi ndiye ninayebisha. Ni miaka kadhaa sasa najitolea kutembelea akina mama wenye watoto wadogo, na beji ninayo. Ndiyo maana nilitaka kujua kazi hii ya kuingia nyumba za watu ilitoka wapi. Nilidhani ilizaliwa Geneva. Kumbe kipande kikubwa cha historia yake kiko hapa hapa, kwenye vijiji vilivyozunguka Kampala.

Mwaka 1954 Uganda ilikuwa bado chini ya Waingereza. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alikuwa amefika Kampala kwa sababu mume wake alipata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Mradi hakuwa nao. Alikuwa na swali. Alisikia kwamba Waganda humpeleka mtoto kwa bibi yake ili aachishwe ziwa, akataka kuona kutengana huko na mama kunamfanya nini mtoto. Alipofika vijijini akakuta familia nyingi zimeshaacha desturi hiyo. Mwingine angefunga daftari arudi mjini. Yeye akabaki, akaanza kutazama mambo ya kila siku.

Alitembelea familia 26 zenye watoto 28. Alikwenda kila baada ya wiki mbili, akakaa saa mbili, akiwa na mkalimani, na nyumba nyingine alizifuata mpaka miezi tisa. Alikwenda mchana, akakaa sebuleni, kwa sababu mchana ndio wakati wanawake wa Kiganda walipokea wageni. Hapa nisimame kidogo. Alikwenda saa ambayo mgeni huenda! Sisi tunafika saa nne asubuhi, mama yuko mbioni kutafuta pesa ya posho, na tunafika saa hiyo kwa sababu gari linatakiwa kurudi ofisini. Halafu tunaandika kwenye ripoti eti mama hakutoa ushirikiano.

Alichokiona kila mmoja wetu amekiona, ila hakuwahi kukihesabu. Mtoto anatambaa kwenda mlangoni, anageuka kumtazama mama, anarudi kumgusa goti, anaondoka tena. Mama ni kama kituo: mtoto akijua kipo, anathubutu kwenda mbali. Kati ya watoto 28, aliona 16 wameshikamana na mama zao kwa utulivu. Saba walikuwa wa kulialia, hata wakiwa karibu na mama. Watano walikuwa bado hawajaonyesha kushikamana. Akajiuliza tofauti inatoka wapi. Kitu kimoja kilichojitokeza ni hiki: mama wa mtoto mtulivu mara nyingi alikuwa yule anayeweza kumsimulia mtoto wake kirefu, vitu vidogo vidogo, bila kuulizwa. Fomu yangu ina ndiyo na hapana.

Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Kabla ya hapo alikuwa ameshahamia Baltimore, Marekani, na mwaka 1963 alianza kutembelea familia nyingine 26 huko. Mengi ambayo mafunzo ya malezi yanasema leo, kwamba umsome mtoto, umjibu anapokuita, yamejengwa juu ya kazi hiyo. Kwa hiyo mtaalamu akitoka mbali kuja kumfundisha mama wa Nakivale jinsi ya kukaa na mtoto, anarudisha kitu kilichobebwa kutoka huku, na risiti imepotea.

Lakini tusidanganyane. Ainsworth alikuja kutazama, hakuja kumbadilisha mtu. Je, kutembelewa kunambadilisha mzazi, na kwa muda gani? Majibu mazuri ninayoyajua yametoka mbali na Kampala. Kule Elmira, mji mdogo wa jimbo la New York, mwishoni mwa miaka ya 1970 manesi walianza kutembelea wanawake wenye mimba ya kwanza, wakaendelea mpaka mtoto afikishe miaka miwili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1997, watoto wakiwa na miaka 15, yalionyesha kwamba taarifa za watoto kuteswa au kutelekezwa zilipungua karibu nusu, ukilinganisha na familia ambazo hazikutembelewa hivyo. Ila kwenye nyumba zilizojaa vipigo kati ya mume na mke, faida hiyo ilififia. Hilo halikunishangaza. Mwanamke anayepigwa usiku, asubuhi unamletea somo la uvumilivu?

Jamaika ndiyo iliyonigusa zaidi. Kuanzia mwaka 1986, Kingston, wahudumu wa afya wa kawaida walitembelea watoto waliodumaa, saa moja kila wiki kwa miaka miwili, wakicheza na mama na mtoto kwa vitu vya kuchezea vya kutengeneza nyumbani. Wengine walipewa maziwa tu. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa kwa ajili ya michezo walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko waliokosa ziara hizo. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya kudumu namna hiyo.

Miaka miwili, kila wiki. Mimi nilitembelewa mara tatu.

Siku zile sikumdanganya yule dada kwa ubaya. Niliogopa wataninyang'anya mtoto, au watalikata jina langu kwenye orodha. Mtu ambaye hujui kama atarudi, utamwonyesha fimbo ya nini?

Mwaka jana nilimuuliza kijana wangu, ambaye sasa ananizidi kimo, kama anakumbuka siku ile. Akacheka kidogo, akasema: "Nakumbuka, mama. Ulisema hunipigi. Nikangoja nione kama ni kweli."

Haikuwa kweli kwa muda mrefu.

Siku hizi fomu inakaa kwenye begi mpaka ziara ya tatu au ya nne. Nakwenda mchana, kwa miguu, nakaa chini kwenye mkeka, nasema niambie huyu mtoto yukoje. Msimamizi wangu amenionya mara mbili kwamba ripoti zangu zinachelewa. Mwezi huu, mama mmoja wa Nsambya ambaye tangu mwanzo alikuwa ananijibu "mzima tu" alinisimulia mtoto wake mpaka chai ikapoa, na bado kisanduku chake sijakijaza.