Matini Moja, Taaluma Nyingi: Masomo ya Fasihi Lubumbashi na Kazi za Wahitimu Wake

Mnamo mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lubumbashi, chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani kilitoa kijitabu kilichotungwa na André Yav. Jina la kijitabu hicho ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini matini yake ni ya Kiswahili cha Katanga. Tena, ingawa jina laahidi msamiati, yaliyomo ni historia ya mji kama walivyoiona maboyi, yaani watu waliopika, waliofua na kuandaa meza nyumbani mwa Wazungu. Kwa kufuata safari ya kijitabu hiki, makala haya yanakusudia kujibu swali ambalo wazazi wengi huwauliza watoto wao wanapoingia chuo kikuu: je, masomo ya fasihi, historia, isimu na falsafa humpeleka mtu kwenye kazi gani?

Mji ulikuwa na chuo kikuu tangu mwaka 1956. Lakini mkusanyiko mkubwa wa taaluma za binadamu ulitokea mwaka 1971, serikali ilipoviunganisha vyuo vikuu vitatu, kile cha Lubumbashi, Lovanium cha Kinshasa (1954) na Chuo Kikuu Huru cha Kisangani (1963), vikawa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Uamuzi huo haukutokana na nadharia yoyote ya elimu. Wanafunzi wa Kinshasa walikuwa wameandamana mwaka 1969 na tena mwaka 1971, na watawala walitaka kuvidhibiti vyuo. Hata hivyo, masomo ya fasihi yalipohamishiwa Lubumbashi, wanaisimu, wanahistoria, wanafalsafa na wanaanthropolojia walijikuta mahali pamoja. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alikuwa mkuu wa Kitivo cha Fasihi. Bogumil Jewsiewicki alifundisha historia. Na Johannes Fabian alifundisha anthropolojia kati ya mwaka 1972 na 1974. Lililoletwa na siasa liligeuzwa na walimu kuwa faida.

Faida hiyo yaonekana wazi katika kijitabu cha Yav. Mwanahistoria akikishika peke yake, atakwama mapema, kwa sababu tahajia yake si ya shuleni na mipaka ya maneno haifuati kanuni za Kiswahili sanifu. Fabian alipokitayarisha ili kichapishwe mwaka 1990, ilibidi matini isomwe kwa sauti na Kalundi Mango, msemaji wa lugha hiyo, ndipo maana ikajitokeza. Walter Schicho, mwanaisimu, aliongeza maelezo ya lugha. Kwa upande wake, mwanaisimu asiyeijua historia ya migodi, ya mishahara na ya sheria za kikoloni angekusanya vitenzi na kuachia watu waliovitamka wapotee. Ni dhahiri basi kwamba kuchanganya taaluma si pambo la ratiba ya masomo. Kulidaiwa na matini yenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, ambaye mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi na kuzieleza kwa Kiswahili. Picha hizo haziwezi kutenganishwa na mazungumzo yake. Kitabu kilichozikusanya kilitoka mwaka 1996.

Je, elimu ya namna hii iliwafikisha wapi walioipata? Wengi wa wahitimu wa lisansi walikwenda kufundisha katika shule za sekondari. Wengine waliingia katika redio, tafsiri, makumbusho na utawala. Haifai kuificha shida yao: mishahara ya walimu iliporomoka katika miaka ya 1980 na ya 1990, na aliyezoea kuitwa profesa aliona mfuko wake ukiwa mtupu kabla ya mwezi kwisha. Baadhi walihama. Mudimbe mwenyewe aliondoka nchini karibu mwaka 1980, akafundisha Marekani, na mwaka 1988 akatoa The Invention of Africa, kitabu kinachosomwa na wanafalsafa, wanahistoria na wanaanthropolojia kwa pamoja. Alifariki mwaka 2025. Diploma peke yake haikumhakikishia mtu chakula, wala leo haimhakikishii.

Lakini waliobaki hawakukaa bure. Kuanzia mwaka 2000, mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ambamo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alifanya kazi pamoja na Jewsiewicki, uliwakusanya watafiti wa taaluma mbalimbali. Walipokea masimulizi ya wakazi wa mji, na kuyarudisha kwa wenyewe kwa njia ya vitabu na ya maonyesho. Humo kazi ya mhitimu wa fasihi yaonekana ilivyo: kumsikiliza mzee katika lugha yake, kuandika kwa uaminifu, kulinganisha neno lake na hati za kampuni, kisha kueleza mbele ya watu. Mwenye kuyaweza hayo anahitajika shuleni, redioni, makumbushoni, hata mahakamani.

Kwa hiyo swali la mzazi ni la haki, na jibu lake halina budi kuwa la kweli. Masomo haya hayana kazi moja iliyowekwa tayari, kama udaktari ulivyo na hospitali. Yanampa mtu uwezo wa kusoma yale ambayo wengine wameyapita. Wazee waliompa Yav kumbukumbu zao hawakuwa na lisansi, lakini waliona kwamba historia ya mji isingekamilika bila jiko. Ilipita miaka 25 kabla kijitabu chao hakijapata wasomaji wenye taaluma za kutosha kukielewa. Masimulizi mengine ya namna hiyo yangali yamo mijini mwetu, na wenye kuyasimulia wanazeeka.