Mgeni, Bwana na Mtumwa: Safari ya Adabu za Pwani

Msafiri Ibn Battuta wa Tangier alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta desturi ambayo hakuiacha bila kuiandika. Jahazi likikaribia bandari, vijana wa mji hulipokea kwa mashua, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hashukii kwingine, isipokuwa kama amekwisha kuuzoea mji. Mwenyeji humuuzia bidhaa zake na kumnunulia anazohitaji. Anayenunua kwa mgeni huyo kwa bei ya kumpunja, au nyuma ya mgongo wa mwenyeji wake, biashara yake haitambuliwi.

Tumezoea kuzisifu adabu za pwani kana kwamba ni upole wa asili waliozaliwa nao watu wake. Sahani ile inaonyesha zaidi ya hapo. Miji hii iliishi kwa pepo za msimu: kaskazi iliwaleta wageni, nao wakakaa miezi mpaka kusi iwarejeshe. Walikuwa watu wasiojuana, wenye mali nyingi, na hapakuwa na benki ya kuwadhamini. Dhamana ilikuwa ukarimu wenyewe, na aliyemdhulumu mgeni alikuwa amemvunjia heshima mwenyeji mbele ya mji mzima.

Ibn Battuta mwenyewe hakushukia kwa mwenyeji wa namna hiyo. Kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, na kabla hajaonana na sultani aliletewa tambuu, popoo na marashi. Mombasa aliona watu wakiosha miguu mlangoni pa msikiti na kuifuta kwenye mkeka kabla ya kuingia. Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa kutoa, akikaa na mafukara na kula pamoja nao. Picha hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote, kwa sababu ya yale yaliyofuata baadaye.

Kufikia karne ya 18 adabu ilikwisha kujengwa kwa mawe. Nyumba kubwa za Lamu zina daka mlangoni, lenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni hupiga hodi, akakaa hapo, akangoja. Njia ya kuingilia ndani imepindishwa makusudi ili jicho la aliye mlangoni lisifike uani, na mgeni wa kulala ana chumba chake, sabule, mbali na faragha ya wenye nyumba. Mtoto aliyekulia humo alijifunza mipaka kwa kupita tu mlangoni, kabla hajafundishwa na mtu.

Lakini mlango unaompokea mmoja humzuia mwingine. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mnamo 1858, na mengi humo ni mazuri hadi leo: ulimi wenye adabu, ukweli, uchangamfu kwenye mazungumzo bila kumuumiza mtu. Humo humo anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Uungwana ulikuwa umefanywa ua, na adabu ndiyo iliyokuwa miba yake.

Ua huo aliueleza vizuri Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin. Maandishi yake, *Desturi za Wasuaheli*, yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Anasimulia jinsi mtumwa alivyokatazwa kuvaa kofia au viatu mbele ya waungwana. Ukiyasoma unaona kwamba yaliyoitwa heshima yalikuwa pia namna ya kumkumbusha mtu kila siku kuwa hana ukoo. Mtoro mwenyewe alionja ubaguzi wa namna nyingine: mwaka 1905 aliporudi Afrika Mashariki na mkewe Mjerumani, wakuu wa koloni waliwakataza wasishuke pamoja, wakalazimika kurudi Ujerumani.

Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922. Waliokuwa watumwa hawakuzitupa adabu za mabwana wao. Walizichukua zikawa zao. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake wakajitanda kanga na baadaye buibui, wakaalikana harusini, wakapelekeana sahani za futari. Kwangu hili ni tukio kubwa katika historia ya pwani, ingawa halina jiwe la kumbukumbu popote.

Hakuna kinachoonyesha mageuzi hayo kama shikamoo. Zamani ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana, ya mnyonge kwa mwenye cheo. Kiswahili kilipoenea bara, kwa misafara na kisha kwa shule, umri ulichukua nafasi ya cheo. Chama cha TANU kilipohimiza watu waitane ndugu, shikamoo haikufutwa na usawa huo, kwa kuwa ilikwisha kuacha kumtumikia bwana. Leo Dodoma au Mwanza, mkurugenzi kijana akishuka kwenye gari lake humwamkia shikamoo mzee anayelinda geti, na mzee hujibu marahaba.