Usukani na Kauli ya Watu

Neno usukani lilikuwa la chombo kabla ya kuwa la gari. Lilianza kwa mabaharia, likapanda nchi kavu, likafika Bunda ipitapo barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari, na Musoma ufukoni mwa Ziwa Nyanza. Kauli nayo ikafuatana na neno: usukani si wa mwanamke.

Historia ya gari yenyewe yaikanusha kauli hiyo. Mnamo Agosti 1888, Bertha Benz alilichukua gari lililobuniwa na mumewe, Carl, akaenda nalo pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, mwendo wa kilomita zipatazo 100. Ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari. Breki zilipolika njiani, aliagiza zipigiliwe ngozi, akaendelea.

Zipo nchi zilizomfungia mwanamke njia kwa amri; Saudia ilimfungulia Juni 2018. Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikumnyima leseni. Lakini kisichokatazwa na sheria huweza kukatazwa na kicheko. Mwanamume akigonga, hulaumiwa utelezi au haraka; mwanamke akigonga, hulaumiwa uanauke wake. Mwenye gari husikia, akasita kumkabidhi ufunguo; na asiyekabidhiwa ufunguo atapata wapi uzoefu?

Hoja hii ina mizizi Mara kwenyewe. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Enzi hizo mlango wa shule ulikuwa mwembamba, na kwa msichana mwembamba zaidi. Mwaka 1944, akiwa mwanafunzi wa Makerere, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akiitazama hali ya mwanamke wa Kizanaki kwa mwanga wa kitabu cha John Stuart Mill cha mwaka 1869. Insha hiyo ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2009, miaka kumi baada ya kifo chake. Mill alikwisha kusema kwamba hakuna awezaye kuijua tabia ya asili ya mwanamke maadamu amelelewa kwa kubanwa. Aliyefungwa miguu hapimwi kwa mbio.

Wala kauli haiishii masikioni. Mwaka 2008 watafiti wa Australia waliwapima wanawake kwa kifaa cha kuigiza uendeshaji. Waliokumbushwa kwanza kwamba wanawake hawajui kuendesha walimgonga mtembea kwa miguu aliyekatiza ghafla zaidi ya mara mbili ya wenzao wasiokumbushwa. Kauli ilizaa kosa, kisha kosa likaletwa kuwa ushahidi wa kauli. Ilhali Shirika la Afya Duniani laeleza kuwa wanaume hufa barabarani takriban mara tatu zaidi ya wanawake, na hakuna aliyeufanya uanaume kuwa hoja ya kunyimwa usukani.

Basi abiria wa Musoma aonaye mwanamke amekalia kiti cha dereva, naanyamaze, aitazame njia. Chombo humjua nahodha kwa mkono wake, hakimuulizi jina.