Konokono wa Ziwa Nyasa

Konokono wa Ziwa Nyasa ni moluska wa maji baridi.

Sifa. Jenasi ya *Lanistes* ina kombe nene la mviringo. Ukilishika ncha ikiwa juu na tundu likikuelekea, tundu hilo huwa kushoto, ilhali kwa konokono wengi huwa kulia. Mnyama hujifungia ndani kwa kifuniko kigumu, na hupumua kwa matamvua na pafu pia. *Melanoides* wana kombe jembamba lenye ncha ndefu. Wao na *Bellamya* huzaa watoto walio hai. *Bulinus* hawana kifuniko.

Makazi. *Bulinus nyassanus* huishi kwenye mchanga wa ufuko ulio wazi. *Bulinus globosus* hupenda ghuba tulivu zenye majani. Makombe matupu ya *Lanistes* ni maficho ya samaki mdogo *Metriaclima lanisticola*.

Umuhimu. *Bulinus globosus* hubeba vimelea vya kichocho cha mkojo, ambavyo hupenya ngozi ya anayeoga au kuchota maji. Samaki *Trematocranus placodon* huponda makombe ya konokono kwa meno ya kooni na kuwala, na hivyo hupunguza wabebaji wa vimelea hivyo. Kwa hiyo, kumlinda dhidi ya uvuvi wa kupindukia ni kulinda pia afya ya wakazi wa ufukoni.