Povu la Wahunzi wa Dakawa

Aghalabu historia ya Morogoro husimuliwa kuanzia mji wa Simbamwene, ambao Stanley aliuona mwaka 1871, au kuanzia reli iliyofika huko mwaka 1907. Sababu yake ni kwamba mambo hayo yaliandikwa. Lakini kaskazini ya milima ya Uluguru, katika bonde la mto Wami, pana mahali paitwapo Dakawa, na hapo pana ushahidi wa kale zaidi. Randi Haaland na Caesarion Msuya walichimbua huko vigae vya vyungu vyenye nakshi za pembetatu, pamoja na masalio ya kazi ya chuma, na khabari zake wakazichapisha mwaka 2000. Wahunzi hao waliishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wala hawakuacha maandishi. Jembe huliwa na kutu likarudi udongoni. Kinachodumu ni taka za tanuri, mawe meusi yenye matundu, yaitwayo mavi ya chuma.

Matundu hayo yana maana. Katika tanuri ya udongo, makaa yanayovuviwa kwa mivukuto hutoa gesi inayoyanyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake. Chuma safi huyeyuka kwa joto la sentigredi 1,538, nalo ni joto kubwa mno kwa tanuri ya namna hiyo. Lakini taka za mawe yale, zikichanganyika na sehemu ya chuma, huyeyuka karibu na sentigredi 1,200. Basi taka hutiririka kama uji, na chuma hubaki kigumu, chenye vinyweleo kama sifongo, kikingoja nyundo.

Uji huo hubeba mapovu ya gesi. Kila povu, kwa wepesi wake, hupanda ili lipasuke juu, nao mnato wa uji hulizuia. Maadam uji una moto wa kutosha, povu hushinda. Uji ukipoa, mnato huzidi, povu hukwama njiani, na nafasi yake huwa tundu ndani ya jiwe. Mapovu makubwa hupanda upesi, kwa hiyo madogo ndiyo hunaswa kwa urahisi zaidi. Na pale yanaposongamana sana, kuta tatu hukutana kwa pembe za nyuzi 120, kama alivyoeleza Joseph Plateau wa Ubelgiji katika kitabu chake cha mwaka 1873 juu ya tando za maji ya sabuni.

Kwa hiyo jiwe husomeka. Tundu lililorefuka upande mmoja hujulisha kwamba uji ulikuwa ungali ukitiririka ulipoganda. Tundu la mviringo hujulisha kwamba ulikuwa umetulia. Uso mfano wa kioo ni alama ya kupoa ghafula, na fuwele kubwa ni alama ya kupoa polepole. Kwa dalili hizo zikiwekwa pamoja, mtaalamu aweza kupambanua kama wahunzi waliitoboa tanuri ili uji utoke, au waliuacha ujikusanye chini ya moto.

Lakini usomaji huo wahitaji jiwe lijulikane lilipolala, karibu na tanuri ipi, na kando ya vigae gani. Likiokotwa shambani na kutupwa ukingoni pasipo kuandikwa mahali pake, matundu hubaki, ila hayajulikani tena kuwa ni ya kazi ya nani.