Taji la Beji Halifichi Umri

Mjuzi wa beji za kofia za jeshi la Uingereza huanza kuisoma beji juu kabisa, kwenye taji. Taji la enzi ya Malkia Victoria lina matao yaliyobonyea katikati. Victoria alipofariki Januari 1901, Edward VII alichagua taji la Tudor, ambalo matao yake yamepanda na kuviringa mithili ya kuba. Wafalme waliomfuata walilitumia hadi 1952. Alipotawazwa Elizabeth II, matao yakabonyea tena. Sasa Charles III amelirudisha la Tudor, kwa hiyo taji la kuba si lazima liwe la zamani.

Kipimo hicho huwaumbua walaghai. Machine Gun Corps, kikosi cha bunduki za rashasha, kilianzishwa Oktoba 1915 na kuvunjwa 1922, miaka ambayo Uingereza haikuwa na malkia anayetawala. Beji yake ni bunduki mbili aina ya Vickers zilizopishana chini ya taji. Ikiletwa yenye taji la Victoria, ni ya kughushi, hata muuzaji aape.

Maandishi nayo yana tarehe zake. Rejimenti ya Leicestershire ilivaa chui milia na neno HINDOOSTAN, kumbukumbu ya utumishi wake India. Mwaka 1946 ilipewa hadhi ya kifalme, na ROYAL likaongezwa kwenye utepe. Chui hakubadilika, kwa hiyo asiyesoma utepe ataichukua beji ya 1950 akidhani ni ya mwaka 1914.

Halafu madini. Beji nyingi zilichanganya shaba ya njano na madini meupe yenye nikeli. Mwaka 1916 nikeli ikawa adimu kwa sababu ya vita, zikatolewa za shaba ya njano tupu. Katika Vita vya Pili vya Dunia baadhi zilitengenezwa kwa plastiki, na wengi huzidharau hadi leo. Wanakosea: plastiki hutaja kipindi chake waziwazi kuliko shaba iliyosuguliwa miaka hamsini.

Mwisho, igeuzwe. Beji halisi nyingi ziligongwa kwa mashine, hivyo mgongo hubonyea kufuata sura ya mbele. Bandia iliyomiminwa mara nyingi ina mgongo bapa wenye chembechembe.

Afrika Mashariki nayo ina mitego yake. Tanganyika Rifles, iliyotokana na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, ilidumu kuanzia uhuru wa 1961 hadi maasi ya wanajeshi wake Januari 1964. Kipindi hicho kifupi kinarahisisha kazi. Uganda Rifles ni fumbo gumu zaidi. Kikosi cha kwanza chenye jina hilo kiliingizwa King's African Rifles ilipoundwa 1902. Miaka sitini baadaye, Uganda ilipopata uhuru, batalioni ya nne ya King's African Rifles ikapewa jina lile lile.