Siku 18 za Washkansky

Moyo haukumwangusha Louis Washkansky. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikiza moyo wa Denise Darvall, binti aliyegongwa na gari, na moyo ule ulidunda vizuri. Kilichomuua ni mapafu.

Dawa za kuuzuia mwili usikatae kiungo kigeni hulaza kinga yote. Mlinzi akileweshwa ili asimfukuze mgeni, hatamwona mwizi pia. Picha za eksirei zilipoonyesha vivuli kifuani, madaktari walidhani mwili unaukataa moyo, wakaongeza dawa zilezile. Kumbe ilikuwa nimonia. Alifariki siku ya 18.

Mgonjwa aliyefuata, Philip Blaiberg, alitunzwa katika chumba kilichotakaswa, wauguzi wakivaa barakoa. Aliishi miezi 19.

Nimonia ya Washkansky ilikuwa ya bakteria, lakini virusi hupitia mlango uleule. Mafua ambayo wewe na mimi tunayamaliza kwa chai ya tangawizi yanaweza kumlaza hospitalini mwenye figo ya kupandikizwa. Wakati wa Uviko-19, wengi wao walichanjwa mara mbili, miili ikatoa kinga hafifu. Agosti 2021 Marekani iliwaidhinishia dozi ya tatu, na bado wakaambiwa wasivue barakoa.